Pizza ya mstatili: usikande, mimina

Dada, unasema pizza ya mstatili uliyokuwa ukila shuleni huko Marekani, ukiipika nyumbani inatoka ngumu kama ya mgahawani. Kosa ni kukanda. Ile humiminwa.

Changanya unga wa ngano vikombe 2 na theluthi 2, maziwa ya unga robo 3 ya kikombe (usiyaruke, ladha yenyewe imo humo), sukari vijiko 2 vya chakula, pakiti ya hamira ya haraka na chumvi kijiko cha chai. Tia mafuta vijiko 2 vya chakula na maji ya uvuguvugu kikombe 1 na theluthi 2. Rojo likiwa zito kama la vitumbua, lenye vibongebonge, liache hivyo hivyo.

Treya kubwa ipake mafuta, nyunyiza unga wa mahindi, mimina, tandaza kwa vidole. Subiri dakika 20. Oka tupu dakika 10 kwa nyuzi 475 za Fahrenheit, ndipo upake rojo la nyanya na kumwaga jibini, la bei rahisi tu, kisha rudisha dakika 10.

Pembeni weka mahindi ya kopo. Bila hayo, mume wangu hakubali kwamba ni ile.