Bendi Bila Mwimbaji: Barua Zenu na Majibu

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wa bendi, na si bendi za harusi wala za ibada, ni wale wa jazz iliyochanganywa na rock, gitaa la umeme, kibodi, besi, dramu, pengine saksafoni, na hakuna mtu anaimba. Hapa Nairobi wako wengi kuliko watu wanavyodhani na huwa hawaulizwi chochote, kwa hivyo safu yote nimewaachia wao.

*Salamu mhariri. Mimi napiga besi, tuko wanne na tunakutana kila Jumamosi studio moja hapa Umoja. Tuko na wimbo wa mapigo saba, miezi inaisha na hatujaufikisha mwisho hata mara moja. Nyumbani kila mtu anaupiga vizuri lakini tukikutana unaanguka alafu tunaanza kulaumiana. Tufanye nini? Besi, Umoja*

Ndugu yangu, kama kila mtu anaupiga vizuri akiwa peke yake basi kujifunza wimbo mmemaliza, kitu hamjaanza ni kuupiga pamoja, na hiyo ndiyo kazi ya mazoezi ya bendi. Sehemu yako unaifanyia nyumbani na metronomu ya simu, ile ya kukuhesabia mapigo, Jumamosi mnakuja kusikilizana. Nimeona bendi nyingi hapa mjini zikifanya kinyume, mtu anakuja kujifunzia sehemu yake mbele ya wenzake, wao wamekaa wanaangalia simu, na hiyo saa ya studio inalipiwa.

Sasa hiyo saba. Acheni kuhesabu moja mpaka saba, mwili hauchezi hivyo. Ivunjeni: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu, na kabla hamjashika ala mkubaliane ile tatu inakaa mwisho ama mwanzo, juu nashuku hapo ndipo mnaachana, mpiga dramu anasikia mbili-mbili-tatu na gitaa anasikia tatu-mbili-mbili, hesabu ya kila mmoja ni sawa na wimbo bado unaanguka. Ipigeni makofi, itembeeni mkizunguka chumba. Alafu besi na dramu muanze peke yenu, wengine wanyamaze, polepole na kwa sauti ya chini mpaka usikie ile kick, dramu kubwa ya mguu, na wewe mmegusa pamoja bila kuangaliana. Ikishakaa, mwambieni mpiga dramu anyamaze mizunguko minne na nyinyi wengine muendelee, akirudi mtajua hapo hapo kama bado mko pamoja ama kuna mtu alikuwa anaegemea tu dramu. Rudieni hivyo kwa kila mmoja. Inachosha, lakini ukweli ni kwamba bendi zinazopiga hizi vitu ngumu kwa raha zimepitia hapo.

Na mkitaka mwalimu wa kushikanisha mapigo msimtafute mbali, tafuteni watu wa ngoma za isukuti, Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na mapigo yake na zote zimeshikana, na hakuna mtu amesimama kando akihesabu. Isukuti iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka tangu 2014, na mimi naona mwanamuziki wa Nairobi ambaye amewahi kukaa nao karibu ana faida kubwa sana kwa hizi mapigo zisizo za nne.

La mwisho, rekodini kila Jumamosi, simu iwe mbali na dramu, na msikilize katikati ya wiki kila mtu kwake. Miles Davis, yule wa tarumbeta ya jazz, alipoingia studio New York Agosti 1969 walipiga siku tatu, mengi yakibuniwa papo hapo, kisha prodyuza wake Teo Macero akakaa na tepu akikata na kuunganisha, na sehemu kubwa ya ile albamu, Bitches Brew, iliyotoka 1970 ilipata umbo lake hapo kwa kukatwa. Nyinyi pia ndani ya yale mazoezi mnayoona yameharibika kuna vipande vizuri mmepita juu yake bila kujua. Na lawama zitapungua, maana rekodi itaonyesha wazi wimbo ulianguka wapi.

*Mjomba wangu ananiletea ampu ya gitaa kutoka Marekani, imetumika lakini ni safi. Nitaichomeka tu hapa? Kijana wa Kasarani*

Hapana, tafadhali. Marekani stima ni volti 120 na hapa kwetu ni 240, ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Angalia nyuma ya ampu, nyingine ziko na swichi ya kubadilisha volti, kama haina unahitaji transfoma ya kushusha, na ukiinunua usome zile wati ampu inakula kutoka kwa ukuta, zimeandikwa nyuma karibu na waya wa stima, si zile wati za sauti wanazotangaza mbele. Chukua transfoma inayozidi hapo kwa nafasi nzuri. Na kwa wapiga kinanda, mkipewa ogani ya zamani ya mota kama Hammond ya Marekani, jueni transfoma haibadilishi mzunguko wa stima, wao wako na 60 kwa sekunde na sisi 50, kwa hivyo ogani nzima inashuka karibu nusu-toni tatu na bendi yote itafikiri umechanganyikiwa.

*Habari yako mzee. Tulipata shoo ya Ijumaa hoteli moja Westlands. Wimbo wa pili tu, jamaa akakuja mbele kuuliza mwimbaji amekwama kwa jam wapi, mwingine akaomba rhumba, meneja naye akatuma mtu atuambie tupunguze sauti. Vijana wangu wamevunjika moyo, sasa wanataka tutafute dada wa kuimba. Tukubali? Gitaa, Rongai*

Pole sana kijana wangu, na uwape pole vijana pia. Mkitaka mwimbaji kwa sababu nyimbo zenu zinamtaka, mleteni, lakini msimlete kwa sababu ya Ijumaa moja, juu atakuja, watu watapiga makofi, na ndani ya muda mfupi nyinyi mtakuwa mnamsindikiza tu na ile bendi mlianza nayo imeisha.

Mimi sikubali ati Mkenya hawezi kukaa na muziki usio na maneno. Muulize mtu yeyote wa benga ni saa ngapi anainuka kwa kiti. Si wakati wa beti, ni pale kuimba kunaisha, gitaa linachukua usukani na besi inakimbia nalo, hapo ndipo wazee wanatoa makoti. Sebene ya Wakongo ni hivyo hivyo, dakika nyingi za gitaa na ukumbi mzima uko juu, pengine na mtu wa kuwachochea tu. Watu wetu wamecheza muziki wa ala maisha yao yote! Kwa hivyo yule jamaa alipouliza mwimbaji, mimi nasikia akiuliza nishike nini hapa, na hilo ni swali la haki.

Ebu jiulize, baada ya wimbo wenu wa kwanza, yule weita aliyepita na trei angeweza kuondoka akivumisha melodi? Kama jibu ni hapana, anzieni hapo. Melodi ipigwe mwanzoni mara mbili, wazi, bila madoido, kabla mtu yeyote hajaanza kubuni. Solo zikiisha irudi. Na zile solo, jamani, si lazima kila wimbo gitaa, kibodi, besi na dramu zote zipige, kila mtu mizunguko kumi, watu wanachoka na wanachoka kwa haki. Wawili kwa wimbo mmoja wanatosha, wengine wangoje wimbo unaofuata. Sikilizeni Weather Report, ile bendi Joe Zawinul na Wayne Shorter walianzisha 1970, saa nyingi hauwezi kusema saa hii ni zamu ya fulani, wanajibizana tu na wimbo unaendelea mbele. Hapa kwetu sikilizeni gitaa la Kato Change na piano ya Aaron Rimbui muone venye melodi inapewa heshima yake.

Huyo wa rhumba naye msimkasirikie. Hamlazimiki kupiga nyimbo za watu lakini mapigo ni yenu pia, chukueni besi ya benga ama chakacha ya Pwani, wekeni melodi yenu juu yake na mtaona miguu ikianza. Herbie Hancock alienda njia kama hiyo 1973 na bendi yake ya Headhunters, akaleta funk chini ya jazz, na walioogopa jazz wakacheza.

Meneja yuko na hoja yake. Ijumaa hotelini watu wamekuja kula na kuongea, hiyo ni shoo ya sauti ya chini na nyimbo zenu tulivu, kama hamuwezi kupiga chini bila wimbo kufa basi kataeni hiyo kazi na hakuna ubaya. Zile ngumu zipelekeni mahali watu wamekuja kusikiliza, Alliance Française ama Goethe hapo katikati ya mji, na tarehe 30 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Jazz, andikeni barua zenu mapema sana kabla ya hapo, msingoje Machi. Watu wa kusikiliza wapo. Tamasha la Safaricom Jazz lilianza 2014 na likawajaza, tena pesa zake zikasaidia watoto wa Ghetto Classics, mradi wa muziki kule Korogocho, na wale watoto wenyewe wakapanda jukwaa na ala zao wakapigiwa makofi kama wakubwa.

Na mmoja wenu ashike maiki kati ya nyimbo. Sema wimbo unaitwaje na ulitoka wapi, sentensi mbili. Ukisema huu tuliutunga usiku stima imepotea Rongai, watu watausikiliza wakitafuta ile giza ndani yake.

*Mimi ni dada wa saksafoni. Kila shoo watu wangu wananiambia hawakunisikia. Mtu wa saundi anasema nipulize kwa nguvu. Sasa nipulize mpaka wapi? Saksafoni, South B*

Dada yangu, usiongeze nguvu hata kidogo, utaharibu sauti yako na midomo. Watu wetu wengi wa saundi wamezoea bendi yenye mwimbaji, wanampandisha yeye na wengine wote wanawekwa nyuma yake, kwa hivyo nyinyi mkija bila mwimbaji hakuna mtu anapandishwa na dramu zinakula kila kitu. Nenda kwake kabla ya kupima sauti, msalimie vizuri, muulize jina, mwambie saksafoni ndiye mwimbaji leo, na kama kuna wimbo ambao gitaa linachukua melodi muandikie kwa karatasi: wimbo wa tatu, gitaa mbele. Gitaa na kibodi nao wapunguze ampu zao jukwaani, hapa ndipo bendi nyingi zinajiua zenyewe, maana kama ampu iko juu sana kule mbele hakuna kitu huyo mtu anaweza kurekebisha.

*Gitaa wetu huleta melodi, sisi wengine tunajenga zingine zote, mapigo, besi, mpangilio. Sasa tunataka kurekodi na anasema nyimbo zote ni zake. Ni haki? Mpiga dramu, Kayole*

Ongeeni saa hii kabla hamjaingia studio, nakuomba. Mahavishnu Orchestra, bendi John McLaughlin alianzisha 1971, watu watano kutoka nchi tano na hakuna mtu alikuwa anapiga kama wao, kikosi cha kwanza kilivunjika mwisho wa 1973, na moja ya mambo yaliyowachoma wenzake ni kwamba albamu mbili za kwanza za studio nyimbo zilikuwa za McLaughlin na zao hazikuwa zinapata nafasi.

Aliyeleta melodi ametunga, hilo mpeni bila kinyongo. Lakini kama ile rifu ya besi, kile kipande kinachorudiwa, ndiyo watu wanaikumbuka, ama sehemu nzima ya katikati ilizaliwa mazoezini na nyinyi wote, huo ni utunzi wa pamoja. Chukueni karatasi moja kwa kila wimbo, muandike majina na asilimia, wote msaini, kisha mkaandikishe kazi kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Muziki bila maneno unalindwa na sheria ya hakimiliki ya Kenya sawa na ule wenye maneno, maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hivyo mnaongea pia juu ya watoto wenu. Na wewe hata ukikosa asilimia ya utunzi, kama ulipiga kwa rekodi uko na haki zako za mpigaji, chama cha hao kwa miaka mingi kimekuwa PRISK, cha watunzi MCSK. Pesa za shoo ni kitu tofauti, hizo toeni kwanza ya Probox ya kubeba vyombo, kinachobaki mgawane sawa.

*Majirani wanataka kuita polisi, na mimi nikitoka mazoezi masikio yanalia mpaka asubuhi. Dramu, Buruburu*

Majirani wako na sheria upande wao. Kanuni za kelele za 2009, zile NEMA, mamlaka ya mazingira, wanasimamia, zinaweka mtaa wa makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili jioni. Seti ya dramu ikipigwa kawaida inafika 100 ndani ya chumba. Tafuteni studio, na siku za kupanga wimbo tumia pedi za mazoezi na wengine wavae hedifoni.

Masikio ndiyo yamenipa wasiwasi zaidi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hivyo kwa 100 uko na dakika 15 peke yake, na nyinyi mnapiga saa tatu ndani ya chumba kidogo. Nunua vizibo vya masikio wiki hii, hata vile vya povu vya famasi uanze navyo, baadaye uweke pesa ya vile vya wanamuziki vinavyoshusha sauti bila kuifanya nzito. Usikae na simbali karibu na ukuta mtupu. Na kwa sababu umesema yanalia mpaka asubuhi, nenda upimwe na daktari wa masikio kabla ya mazoezi yanayofuata, na uende na mpiga gitaa wako, yeye ndiye husimama karibu na simbali zako.