Injini za Darjeeling: tatu ziliundwa Tindharia

Je, injini zote za mvuke za reli ya Darjeeling, reli ya milimani India, zilitoka Uingereza? Hapana, si zote. Kati ya injini 34 za daraja B, yaani za muundo mmoja, za reli hiyo yenye upana wa milimita 610 tu kati ya vyuma vyake, tatu ziliundwa hukohuko mlimani, Tindharia, kwenye karakana ya reli yenyewe. Tatu nyingine ni za kampuni ya Baldwin ya Marekani, 1917. Zilizobaki ni za kampuni ya Uingereza ya Sharp, Stewart na mrithi wake, North British. Mafundi wa Tindharia hawatajwi sana, na hilo linaniuma, kwa sababu walifuata mchoro uleule wa 1889: magurudumu manne, tangi la maji limekaa juu ya boila, hakuna behewa la makaa nyuma. Kwa hiyo ukitazama picha huwezi kuzitofautisha kirahisi. Inabidi uangalie orodha ya waundaji.

Ila msizichanganye na F-734, injini iliyoundwa mjini Ajmer, India, 1895, inayotajwa kuwa injini ya kwanza kuundwa India. Hiyo ni ya reli yenye upana wa mita moja, na maji yake yalibebwa kwenye behewa la nyuma.