Halmashauri ya wilaya na kinamasi

Je, halmashauri ya wilaya nchini Uganda inaweza kumuuzia au kumkodishia mwekezaji kinamasi? Hapana, haiwezi, hata kama madiwani wote wamenyoosha mikono. Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia, lakini maziwa ya asili, mito, ardhioevu (vikiwemo vinamasi), misitu ya hifadhi, mbuga za wanyama na hifadhi za taifa hushikiliwa na serikali kuu au serikali ya mitaa kwa dhamana, kwa niaba ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaongeza kwamba mshika dhamana huyo hana ruhusa ya kuzikodisha au kuzihamisha kwa namna yoyote ile. Anachoweza kutoa ni leseni au kibali cha matumizi, nacho hakigeuki kuwa hati miliki. Kibali kinaweza kufutwa, na hapo ndipo wawekezaji wengi hushtuka.

Hati zilizopatikana kihalali kabla ya Katiba hiyo ni suala jingine, na kila moja huchunguzwa peke yake. Anayekata mafunjo ya kusukia mikeka au kuteka maji ya nyumbani hahitaji kibali.

Madini yasichanganywe na suala hili: hayo yako chini ya Ibara ya 244 ya Katiba, nayo haihesabu mchanga, udongo wa mfinyanzi, murramu (udongo wa changarawe wa kutengenezea barabara) wala mawe ya kawaida ya ujenzi kuwa madini.