Wiki moja Interlaken pamoja na watoto: safari za kutwa ninazozipendekeza

Ndugu yangu, umeeleza kwamba mwezi Julai utakuwa Interlaken, Uswisi, kwa siku saba pamoja na mkeo na watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miaka tisa, ukauliza kama ukodi gari na kama ununue sasa hivi tiketi za Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho juu milimani. Nimefikia mji huo mara tatu, nikitokea Ujerumani ninakofanya kazi, na jibu langu kwa maswali yote mawili ni hapana.

Gari halitakusaidia sana. Mji umekaa katikati ya maziwa mawili, Thun na Brienz, na una vituo viwili vya treni; tafuta malazi karibu na kile kiitwacho Interlaken Ost, kwa sababu treni za milimani huanzia hapo, na meli za Ziwa Brienz hutia nanga hatua chache kutoka kituoni. Vijiji vya juu kama Wengen na Mürren haviruhusu magari ya wageni hata kidogo. Jihadhari na jambo moja tu: treni ya kwenda bondeni huwa ni treni mbili zilizofungwa pamoja, na zikifika Zweilütschinen hutenganishwa, moja ikaelekea Lauterbrunnen na nyingine Grindelwald. Safari yetu ya kwanza mke wangu na watoto waliingia behewa moja, nami niliyechelewa kwa kuhangaika na kigari cha mtoto nikarukia la mwisho, nikidhani tutakutana ndani. Yeye alishukia Lauterbrunnen, mimi nikajikuta Grindelwald nikiwa na chupa ya maziwa ya mtoto mkononi.

Sasa Jungfraujoch. Kituo hicho kiko mita 3,454 juu ya usawa wa bahari, na hakuna kituo cha reli kilicho juu zaidi ya hapo barani Ulaya. Mfanyabiashara wa Uswisi, Adolf Guyer-Zeller, alianza kuijenga reli hiyo mwaka 1896, akafariki mwaka 1899, na kazi ikakamilika mwaka 1912. Sehemu kubwa ya njia ya juu, zaidi ya kilomita 7, imo ndani ya handaki lililotobolewa kwenye milima ya Eiger na Mönch, kwa hiyo huko njiani huoni mengi. Fedha yote unalipia yale utakayoyaona ukishatoka nje. Na nauli kamili ya kwenda na kurudi kwa mtu mzima huzidi faranga 200. Safari yetu ya pili nilinunua tiketi siku mbili kabla, tukapanda, tukakuta weupe mtupu kama tumo ndani ya mto wa kulalia. Mwanangu aliniuliza kama milima imefungwa leo.

Mara ya tatu nilikuwa nimeerevuka. Kila siku niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, nikatazama kwenye simu kamera zinazoonyesha kilele moja kwa moja, na siku ya nne, mbingu zilipokuwa safi, nikanunua tiketi papo hapo tukapanda treni za mwanzo. Usichelewe kuamua, kwani msimu wa joto viti vya treni ya kipande cha mwisho cha kupanda huwekewa nafasi na hujaa upesi. Tuliuona mto wa barafu wa Aletsch, mrefu kuliko yote katika Alpi, ukishuka na kupinda hadi macho yakachoka. Kumbuka kwamba tangu Desemba 2020, magari ya waya ya Eiger Express yalipoanza kazi, mtu hutoka Interlaken, takriban mita 570, hadi kule juu kwa muda usiofika saa mbili. Sisi tuliokulia Moshi tunajua kwamba kwenye Kilimanjaro, kutoka kambi ya Mandara, mita 2,720, hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, watu hutumia kutwa nzima, na bado vichwa huuma. Tembeeni polepole, na mdogo akianza kulalamika, teremkeni bila kubishana.

Kama bajeti ni finyu, mimi ningeiacha Jungfraujoch na kwenda Schynige Platte, mita 1,967, kwa treni ya meno, yaani yenye gurudumu la meno linaloshika reli kwenye mteremko, iliyoanza mwaka 1893 na inayopandia Wilderswil. Ukiwa Jungfraujoch umesimama begani mwa milima yenyewe. Ukiwa Schynige Platte unaiona Eiger, Mönch na Jungfrau imejipanga mbele yako, huku watoto wakikimbia kwenye majani.

Siku ya mvua nendeni Trümmelbach, karibu na Lauterbrunnen. Ni maporomoko kumi yaliyojichimbia ndani ya mwamba, yakipitisha maji ya barafu ya milima hiyo mitatu, hadi lita 20,000 kwa sekunde. Lifti hukupandisha ndani ya jabali, kisha unashuka kwa ngazi zenye maji. Miwani yangu ilifunikwa na manyunyu, na tulizungumza kwa ishara kwa sababu ya ngurumo. Watoto walio chini ya miaka minne hawaruhusiwi, kwa hiyo wewe na mkeo itabidi mpokezane.

Siku ya pili ya mvua iwe Bern, chini ya saa moja kwa treni. Mji wake wa kale una vibaraza vyenye paa vya karibu kilomita 6, na mtu anaweza kuzunguka maduka asubuhi nzima bila mwavuli. Nyumba aliyopanga Einstein, Kramgasse 49, imo humo humo.

Zermatt iacheni safari hii. Ni zaidi ya saa mbili kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na mtoto wa miaka mitatu atakuwa amechoka kabla hamjauona mlima Matterhorn.