Anti, Wanafunzi Wanarudi na Deni la Semista Iliyopita Bado Liko kwa Daftari

SWALI: Habari yako Anti. Niko na kibanda cha chakula hapa Ngara, chapo madondo (chapati na maharagwe), ugali sukuma, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wale wamepanga mabedsita huku. Tangu wafunge nimekuwa nikipika gorogoro moja ya maharagwe na bado inabaki. Sasa wanarudi, keateka wa ploti ya hapa juu ashaanza kupaka rangi nyumba na wauza magodoro wamezipanga hadi barabarani. Shida yangu ni deni. Semista iliyopita walikula wakisema HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, ikiingia watalipa, watu kumi na mmoja wakahama bila kuniaga. Nikatae deni kabisa? Na ninunue stoki kiasi gani?
Mama Chapo, Ngara

JIBU: Pole sana mamangu, kumi na mmoja ni wengi. Lakini usikatae deni kabisa, nakuomba. Mimi mwenyewe nilisoma nikila kwa daftari la mama mmoja wa kibanda na bila yeye mwaka wa pili singeumaliza.

Tuanze na stoki, kwa sababu hapo ndio wengi huchomeka. Usijaze wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza mwanafunzi ako na pesa ya nyumbani, amebeba unga na mchele na zile njugu mamake alimfungia kwa karatasi, anapika na wenzake kwa rum, kwako atapitia chapo mbili tu aende. Njaa huanza wiki ya tatu hivi, unga umeisha, meko nayo gesi imekata, hapo ndio utaona laini ya wateja. Kwa hivyo nunua kidogo kidogo, Nyamakima kwa wauza nafaka si mbali, unashuka tu, gunia zima la nini saa hii uwekee panya? Na maharagwe loweka usiku, makaa itakaa.

Sasa deni. HELB haiingii siku chuo kinafunguliwa, mwanafunzi lazima kwanza ajisajili na chuo kithibitishe, halafu karo inaenda kwa chuo moja kwa moja, yeye anabaki na ile ya matumizi peke yake. So "HELB ikiingia" si tarehe, usiiandike kama tarehe. Weka kipimo, sahani tatu mtu hajalipa, ya nne ni keshi. Mgeni ale kwa keshi wiki mbili kwanza umjue sura na ploti. Andika akiona, jina, namba ya simu, bei, aweke sahihi. Na wale wa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, kuwa makini nao sana, pesa ikigusa simu Fuliza inakata ya kwake kwanza, wewe unapata mabaki ama unakosa, heri akulipe mia leo kuliko elfu ya siku ile.

Wale kumi na mmoja, wengine watarudi na utawaona wakipitia ng'ambo ile ingine ya barabara juu ya aibu. Usimdai mtu mbele ya wenzake, aki usifanye hivyo. Mwite kando, mpe chai, mwambie alete hamsini kila wiki.

Na ukiona mtoto amekuja wiki ya tatu anaitisha chapo moja na supu tu, siku mbili mfululizo, huyo mpakulie madondo sahani mzima na umwandikie, hata kama hajakuomba.