Kreatinini 98 "iko sawa"? Dada, kapige altrasaundi kwanza

Dada, ngoja kwanza. Umeandika mama alifariki akiwa anasafishwa damu, aliambiwa ana vifuko vya maji kwenye figo zote mbili. Kaka naye ameanza mashine. Wewe una miaka 36, kreatinini 98, daktari kasema "iko sawa", kwa hiyo unauliza juisi gani inasafisha figo, watoto wapimwe lini, na kama unaweza kumpa kaka figo moja.

Hiyo "iko sawa" ndiyo imenitoa kitandani. Na mimi niliambiwa hivyohivyo na bwana mmoja mwenye koti jeupe, hata kichwa hakuinua kwenye karatasi, nikamwamini miaka sita. Sisimulii, presha itapanda, na presha ndiyo nimekatazwa.

Kreatinini ni taka za misuli ambazo figo huzichuja kutoka kwenye damu. Figo zenye vifuko huharibika polepole, na vichujio vilivyobaki hubeba kazi ya vilivyokufa. Unaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo na kreatinini bado ikasoma ndani ya kiwango cha maabara. Ikianza kupanda, umeshachelewa sana.

Tena namba hiyo peke yake haina maana bila umri na jinsia. 98 (mikromoli kwa lita) kwa mwanamume wa miaka 36 ni uchujaji, ile eGFR, wa kama 88. Kwako wewe mwanamke wa umri huohuo ni kama 66! Kwa mwanamke wa miaka 55 inashuka hadi 59, na chini ya 60 ikidumu miezi mitatu ni ugonjwa sugu wa figo. Karatasi ni ileile, haina hata ile nyota ya maabara ya kuonya pembeni. Aliyekwambia iko sawa alikusomea namba, hakukupima wewe. (Na kama ulikula nyama choma usiku wa kuamkia kipimo, rudia, maana nyama iliyopikwa huipandisha.)

Kwenye ukoo wa vifuko, kinachojibu swali ni PICHA. Altrasaundi ya figo, na usikubali ripoti ya "figo kawaida" basi. Mwambie mpiga picha kabla hajaanza kwamba mama na kaka wana vifuko, kisha aandike urefu wa kila figo kwa sentimita, idadi ya vifuko kila upande, na ini lilivyo. Kwa mtu ambaye mzazi wake ana ugonjwa huu wa vifuko wa kurithi, umri wa miaka 15 hadi 39, vifuko vitatu kwa jumla vinatosha kusema unao. Miaka 40 hadi 59, viwili kila figo. Usipokutwa na chochote sasa, usichinje mbuzi bado: vidogo sana altrasaundi huvikosa, rudia ukifika 40. Hapo ikiwa safi ndipo unapumua.

Halafu kuna wale wa "kaka ameshaichukua ya ukoo, nyie mmepona". Uongo mtupu. Kila mtoto anarushiwa shilingi yake, nusu kwa nusu, hata mkiwa saba.

Presha hupanda mapema kuliko kreatinini, kwa hiyo pima nyumbani: kaa dakika tano, mkono usawa wa moyo, mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, siku saba, uandike. Ongeza mkojo wa asubuhi wa kwanza, kipimo cha albumini (protini inayovuja kwenye mkojo) kinachoandikwa ACR, si kile kijiti cha kuchovya tu. Mkojo usipime ukiwa kwenye siku zako au una homa. Diklofenaki, hizo dawa za maumivu ya mgongo, acha leo. Ukipewa dawa za presha kama losatani au lisinoprili na unafikiria mtoto mwingine, mwambie daktari kabla hujabeba, hizo hazifai kwenye mimba.

Figo ya kaka: usitamke kitu mbele ya ukoo kabla ya hiyo picha. Ukishasema "nitampa", wajomba watahesabu imeshatolewa, na kama nawe una vifuko hutoi hata robo.

Ukipata majibu uyaweke hapa. Nataka sentimita na idadi, ukiniandikia "normal" tutagombana.