Umeme ukikatika angani, injini inaendelea

Tulikuwa tumeshaipita Pangani, futi 2,500 juu ya maji, tukitoka Tanga kwenda Dar es Salaam, nilipoona taa nyekundu ya volti imewaka. Ilikuwa imewaka kwa muda gani, siwezi kusema. Macho yangu yalikuwa nje, kwenye mdomo wa mto na mashamba ya mkonge, na sindano ya amita, geji ya mkondo wa umeme, ilikuwa imeshalala upande wa kutoa. Alteneta, mashine inayochaji betri, haikuwa ikichaji tena. Kila tulichokuwa tunakitumia kilikuwa kinakula betri.

Naandika haya kwa ajili ya marubani wanafunzi, na kwa yeyote anayepanda ndege ndogo akaogopa akiona taa zimezimika. Kitu cha kwanza cha kukiweka kichwani ni hiki: gari la petroli likikosa umeme kabisa linasimama palepale, lakini Cessna 172 haisimami. Injini yake ina magneto mbili, mashine ndogo za kutengeneza cheche, zinazozungushwa na injini yenyewe, na kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila magneto. Betri ikiisha kabisa, cheche zinaendelea na pangaboi linaendelea kuzunguka. Kipima mwendo na altimita vinatumia hewa ya nje. Dira haihitaji waya. Kinachokufa ni redio, transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), taa, geji za mafuta na flapsi, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua.

Hizo geji zinastahili onyo. Umeme ukiondoka, sindano zake huanguka hadi kwenye sifuri, na mtu asiyelijua hilo anaweza kuamini mafuta yamekwisha akaenda kutua porini. Ndiyo maana tunapima matangi kwa kijiti kabla ya kuruka na kuandika saa. Siku ile kijiti na saa viliniambia nina zaidi ya saa tatu za mafuta, na nikaviamini.

Nilizima swichi ya alteneta, nikaangalia kibonyezo chake cha fyuzi kama kimeruka, nikawasha tena. Kikiwa kimeruka, kirudishe mara moja tu. Kikiruka tena kiache, kwa sababu huko nyuma kuna waya unaopata moto. Changu hakikuwa kimeruka na taa haikuzimika, kwa hiyo niliizima alteneta moja kwa moja.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Injini inanguruma vizuri, anga ni safi, redio bado inaongea, basi unajiambia utasonga mbele kidogo uone. Betri nzima inaweza kukupa kama nusu saa ukipunguza matumizi, na betri iliyochoka haikupi hata hiyo. Amua mapema, wakati bado una sauti ya kuueleza uamuzi wako. Dar ilikuwa mbele yangu zaidi ya nusu saa, uwanja wenye ndege kubwa zinazoshuka kwa foleni. Tanga ilikuwa robo saa nyuma, uwanja mtulivu ninaoujua. Niligeuza. Ukiwa bubu, nenda mahali ambapo ububu wako hautamsumbua mtu.

Niliita mnara wa Tanga nikasema kila kitu kwa mara moja: alteneta imekufa, narudi, tuko watu wawili, huenda nikafika bila redio, nitatazama taa yenu. Nikazima redio ya pili, transponda na taa zote, kisha na redio ya kwanza, ili niwe na akiba ya kuombea kutua.

Abiria wangu alikuwa mzee wa mtaani kwetu. Kimya kilipoingia kwenye hedfoni akanigusa bega.

“Mwanangu, mbona kimya? Tunaanguka?”

“Hapana, mzee. Injini haitegemei betri. Nisaidie kuangalia ndege nyingine upande wako.”

Mpe abiria kazi. Macho mawili ya ziada ni msaada wa kweli, na hofu yake inapungua.

Karibu na uwanja niliwasha redio. Ilikwaruza mara moja, ikafa. Basi nikaingia kwenye mzunguko wa uwanja kwa urefu wa kawaida, nikitazama mnara. Ile taa ya rangi, ambayo mnara huielekezea ndege isiyo na redio, mchana wa jua si kubwa kama mnavyodhani, ni nukta tu dirishani, na mzee ndiye aliyeiona kwanza: “Nyekundu ile!” Nyekundu isiyopepesa maana yake wapishe wengine, endelea kuzunguka. Nyekundu inayopepesa maana yake uwanja si salama, usitue. Kijani inayopepesa ni rudi uje kutua, na kijani isiyopepesa ndiyo ruhusa ya kutua. Nilizungusha mara moja, nikaona ndege iliyokuwa inaondoka, kisha ikaja kijani tulivu. Nikatikisa mabawa kuonyesha nimeelewa. Usiku ungejibu kwa kuwasha na kuzima taa za kutua, ambazo bila umeme huna.

Tulitua bila flapsi. Ndege inashuka kwa mteremko mdogo na kukimbia mbali zaidi, kwa hiyo anza kushuka mapema. Usijaribu kuzishusha kwa umeme wa mwisho: ukilazimika kupaa tena, hazitapanda.

Redio ikifa peke yake na umeme upo, weka 7600 kwenye transponda, namba inayowaambia watu wa rada kwamba redio yako imekufa. Lakini kabla ya hapo angalia sauti, masafa, na plagi ya hedfoni. Niliwahi kuwa “bubu” dakika kumi nzima kwa sababu goti la abiria lilikuwa limeivuta nusu.

Nilipokanyaga ardhi nilipiga simu Dar kabla ya kunywa hata maji. Walikuwa wananisubiri, na ndege ikipitisha nusu saa baada ya muda wake wa kufika, watu wa uokoaji huanza kuulizia. Siku hizi namba za simu za minara ninazopitia ziko kwenye karatasi pajani, na nina redio ya mkononi begini, imechajiwa.

Fundi alikuta mkanda wa alteneta umekatika. Unaonekana kwenye tundu la mbele la boneti, nyuma ya pangaboi, na tangu siku ile huwa naukagua kila asubuhi kama umelegea au umechanika. Ila hakikisha kwanza ufunguo wa magneto umezimwa na umeutia mfukoni, kwa sababu injini isiyohitaji betri kuendelea angani haihitaji betri kukukata mkono ukilisogeza pangaboi.